Mbuzi na Urefu wa Kamba



Ipo methali ambayo katika nchi yetu imepewa kazi isiyokuwa yake. Wazee walisema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na nia yao ilikuwa kumfundisha mtu kutosheka: kilicho nje ya kamba si chako, usikinyooshee shingo. Leo methali hiyo hiyo husemwa kwa kicheko maofisini, kwenye mabasi, hata katika mazungumzo ya waamini baada ya Misa, ikiwa na maana iliyopinduliwa: ukipewa nafasi, kula, ukipewa nafasi kubwa, kula zaidi. Tumeisikia ikisemwa mbele ya watoto, nao wakacheka pamoja na wakubwa. Juma hili tunataka kuipinga, si kama wazee walivyoitunga, bali kama inavyotumiwa siku hizi, kwa sababu manung'uniko mengi yanayotufikia kuhusu bajeti na matumizi ya Serikali huishia hapo. Mtu hulalamika nusu saa nzima juu ya safari, semina, magari na sherehe, kisha hufunga mazungumzo kwa kusema, "Ndiyo hivyo, kila mbuzi na kamba yake." Hapo hasira imekwisha, na dhambi imepewa baraka.

Sisi tunaoishi katika nchi hii ya wafugaji, kuanzia Bariadi na Itilima hata Maswa, Meatu na Busega, hatuhitaji kufundishwa habari za mbuzi. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kwenda kufunga mbuzi malishoni anajua kwamba mbuzi hajipimii kamba. Mwenye mbuzi ndiye apimaye, naye hupima kwa kuangalia shamba la jirani liko umbali gani. Anajua pia kwamba mbuzi akiingia kwenye mtama wa watu, wazee hawamwiti mbuzi barazani. Humwita mwenye mbuzi, wakamwuliza alikuwa wapi, na faini hulipwa na yeye. Sasa tuulizane: katika habari ya fedha za umma, mbuzi ni nani, na mwenye mbuzi ni nani? Ikiwa mtumishi wa umma ndiye mbuzi, kama methali inavyodaiwa kusema, basi mwenye mbuzi ni mwananchi, na kamba imo mkononi mwake. Wanaoipenda methali hii hawapendi kufika kwenye swali hilo.

Na shamba linaloliwa ni la nani? Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga pamoja na sehemu ya Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Halmashauri za hapa hutegemea sana ushuru wa zao hilo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Kwenye karatasi anayelipa ni mnunuzi, lakini mkulima hahitaji shahada ya uchumi kujua kwamba mnunuzi huukumbuka ushuru huo anapopanga bei. Katika msimu wa mwaka 2023 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,060 kwa kilo. Asilimia 3 yake haifiki hata shilingi 32. Hicho ndicho Halmashauri inachopata katika kila kilo iliyopandwa, ikapaliliwa, ikanyunyiziwa dawa, ikachumwa kwa vidole vya akina mama na watoto, ikabebwa hadi kwenye ghala la chama cha msingi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme linanunuliwa gari moja la kifahari, yale yaliyozoeleka kuitwa mashangingi, kwa shilingi milioni 300. Ili ushuru wa pamba ulipie gari hilo, zinahitajika kilo zaidi ya milioni 9. Mkulima wetu akipata kilo 250 katika ekari moja, na wengi hawazipati mvua inaposumbua, basi gari hilo limelimwa katika ekari zaidi ya 37,000. Hatujaweka mafuta, matairi, dereva, wala posho ya yule anayeketi kiti cha nyuma. Tukumbuke pia kwamba mkulima huyo mwenyewe hulipwa kwa kusubiri. Mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi kadhaa na stakabadhi mkononi, wakidai fedha za pamba waliyokwisha kuipima.

Asije mtu akasema kwamba haya ni maneno ya wapinzani au ya mapadre wasiojua kazi ya Serikali, maana Serikali yenyewe imekwisha kukiri. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, aliliambia Bunge kwamba magari ya Serikali hugharimu takriban shilingi bilioni 558 kwa mwaka, kuanzia kuyanunua hadi kuyatia mafuta na kuyatengeneza. Miezi mitatu baadaye waziri huyo huyo alisimama tena bungeni. Wananchi walikuwa wakilalamikia tozo za miamala ya simu tangu zilipoanza Julai 2021; mama aliyetumiwa shilingi elfu ishirini na mwanawe aliyeko Mwanza alikatwa njiani. Septemba 2022 tozo zikapunguzwa na nyingine zikafutwa, na waziri akaeleza kwamba pengo litazibwa kwa kupunguza fedha za chai, vitafunwa, safari, semina, mafunzo na matamasha.

Tunawaomba mtulie juu ya maneno hayo, kwa sababu kwa maoni yetu ni ungamo kubwa kuliko lolote lililosikika bungeni katika miaka hiyo. Ikiwa chai na semina zinaweza kupunguzwa ili mama yule asikatwe, basi kwa mwaka mzima na zaidi mama yule alikuwa akilipia chai na semina. Alikuwa akizilipia wakati alipoambiwa kwamba tozo ni za kujenga madarasa na vituo vya afya. Madarasa yalijengwa, tunayaona na tunashukuru. Lakini chai nayo ilinywewa.

Hapa ndipo mtu wa ofisini hutujibu, "Baba Paroko, Halmashauri yetu ina hati safi." Hati safi ni jambo jema, nasi hatuidharau. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, anapotoa hati hiyo anasema kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi. Hasemi kwamba kilichonunuliwa kilihitajika. Semina ya siku tano ambayo ingeweza kufanyika asubuhi moja, ikiwa na saini za wahudhuriaji na risiti za chakula, haiharibu hati. Sherehe yenye mahema, vipaza sauti na fulana za rangi moja, ikiwa imepitishwa katika bajeti na zabuni ikatangazwa, haiharibu hati. Upo ukaguzi mwingine, ule wa ufanisi, unaouliza kama fedha imeleta faida iliyokusudiwa. Lakini huo haupigiwi matarumbeta. Kinachopigiwa matarumbeta ni hati, na tumewahi kuona watu wakiandaa sherehe ya kuipongeza. Gharama ya sherehe ile nayo, bila shaka, ilikuwa na risiti.

Kanisa halitoi hati ya namna hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapoeleza Amri ya Saba, inataja kati ya mambo yaliyokatazwa rushwa, kughushi hundi na ankara, kukwepa kodi, kazi iliyofanywa vibaya, kutumia mali ya pamoja kwa faida binafsi, na pamoja na hayo matumizi ya kupindukia na ubadhirifu. Angalieni ubadhirifu umewekwa wapi. Haukuwekwa chini ya uzembe au ukosefu wa adabu. Umewekwa chini ya amri inayokataza kuiba, ukakaa safu moja na rushwa. Aliyeidhinisha safari isiyo na kazi huenda hakutia hata shilingi moja mfukoni mwake, na mahakama haitamwona. Lakini amri imemwona. Tunapotafiti dhamiri kabla ya Kitubio tunajiuliza juu ya kuku wa jirani. Ni mara ngapi tunajiuliza juu ya siku mbili za posho zilizolipiwa kazi ya saa tatu? (Na kwa kuwa tumeitaja namba hiyo, mfanyabiashara anayemwambia mteja kwamba mashine ya risiti ni mbovu, hali anajua kwamba ni nzima, naye ajitafute katika orodha ile ile.)

Wakubwa wanapokasirika sisi hufurahi, na pengine hufurahi upesi mno. Machi 2023, akipokea ripoti ya ukaguzi Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kisa cha ndege ya mizigo: bei iliyokubaliwa ilikuwa dola milioni 37, lakini ankara iliyoletwa ilidai dola milioni 86. Alikasirika hata akatamka neno la Kiingereza ambalo hatulirudii katika ukurasa wa parokia. Ilikuwa hasira ya haki. Lakini nchi haiwezi kulindwa kwa hasira ya mtu mmoja anayesoma ankara zote. Ankara ile iliandikwa na mtu, ikapokewa na mtu, ikapanda ngazi kutoka meza hadi meza, na katika meza hizo wapo walioona. Kila aliyeona akanyamaza alikuwa akiipima kamba yake. Ndege ni ugonjwa wetu wa zamani, tukisema kweli. Marehemu Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha mwanzoni mwa miaka ya 2000, anakumbukwa mpaka leo kwa kauli kwamba ndege ya Rais itanunuliwa hata kama Watanzania italazimu wale nyasi. Ndege ikanunuliwa. Wakati ule hakuna aliyesema habari ya mbuzi, ingawa waliotakiwa kula majani walijulikana.

Tusogee nyumbani, kwenye jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Tarehe 14 Oktoba 2016 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika hapa Bariadi, Rais John Magufuli akiwa mgeni rasmi. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ambaye tangu mwaka 2005, mchakato wake ulipofunguliwa, Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Hatuna neno baya juu ya mwenge wenyewe. Ulipowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, mikononi mwa Luteni Alexander Nyirenda, ulisema jambo kubwa kwa gharama ndogo: wanajeshi wachache, bendera, moto, na mlima tuliopewa bure na Mungu. Neno letu ni juu ya kile kilichoota kandokando yake.

Mwenge hupita katika kila halmashauri ya nchi, na kila unapopita huja na msafara wa magari, mkesha, fulana na kofia, chakula cha wageni, mafuta na posho. Sehemu hutoka katika bajeti. Sehemu nyingine hutoka katika kile kinachoitwa mchango wa hiari, na juu ya hiari hiyo waamini wametueleza vya kutosha: mwenye duka hutajiwa kiasi, mwalimu hutajiwa kiasi, jina huandikwa, na asiyetoa hukumbushwa. Hiari yenye orodha ya majina ni kodi isiyopigiwa kura na mtu yeyote. Bunge halikuipitisha, Baraza la Madiwani halikuijadili, na ripoti yake haisomwi popote.

Watetezi wa mbio hizi wana hoja mbili, na ni haki tuzisikilize. Ya kwanza ni umoja wa Taifa. Ya pili ina uzito zaidi: wakimbiza Mwenge hukagua miradi, na mara kadhaa wamekataa kuzindua jengo lililojengwa vibaya au barabara isiyolingana na fedha iliyotumika. Ni kweli. Hata wapo wananchi wanaoomba Mwenge uje kijijini kwao ili mradi ukamilike. Lakini tazameni hoja hiyo inakiri nini! Inakiri kwamba mhandisi wa halmashauri, mkaguzi wa ndani, diwani, kamati ya fedha na mkuu wa idara, wote wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, hawakuona ufa ulioonwa na kijana mmoja aliyesimama pale kwa dakika ishirini. Kama ndivyo, dawa ni kuwauliza wale wanaolipwa mwaka mzima. Tena kila mtu wa hapa anajua kwamba mradi unaosubiri Mwenge hupakwa rangi wiki ya mwisho.

Na hoja ya umoja imekwisha kujibiwa na historia. Mwaka 2020 mbio zilisitishwa kwa sababu ya korona, na fedha zikaelekezwa Wizara ya Afya. Hatukuona Mtanzania akimchukia jirani yake kwa sababu hiyo. Sherehe za Uhuru nazo zilifutwa mwaka 2015 na Rais Magufuli, shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia akafuta sherehe hizo hizo, shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Marais wawili wenye tabia tofauti kabisa wamekubaliana juu ya jambo hili. Basi padre akiuliza swali lile lile, asiambiwe kwamba anachochea.

Hatupingi kila mkusanyiko. Maonesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa hapa Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, mkulima alikuja kuona mbegu, mashine na dawa, akauliza maswali, akaondoka na kitu kichwani. Huo ni mkutano wenye kazi. Tofauti si ngumu kuipata: ondoa posho, ondoa fulana, ondoa meza kuu, kisha uangalie ni nini kimebaki.

Katika Maandiko Matakatifu yupo mtawala aliyeulizwa swali hilo na dhamiri yake mwenyewe. Someni sura ya 5 ya Kitabu cha Nehemia. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, na cheo chake kilikuwa na posho halali ya chakula. Waliomtangulia waliichukua, pamoja na divai na fedha, na hata watumishi wao waliwatesa watu. Mezani kwake walikula watu 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita, mbali na kuku. Kwa kipimo chetu hiyo ndiyo bajeti ambayo mtu angeijaza fomu bila kusita. Nehemia hakuidai. Sababu alizotoa ni mbili: alimcha Mungu, na aliona kwamba mzigo uliowaelemea watu ulikuwa mzito. Hakusema kwamba posho ilikuwa haramu. Ilikuwa halali, ina fungu lake, ina hati safi. Alitazama mashamba ya watu yaliyowekwa rehani kwa ajili ya nafaka na kodi ya mfalme, akaona kwamba halali ile ilikuwa ikitoka humo. Sura ile ile, kabla ya kufika kwenye posho, inaeleza kilio cha wazazi waliowatoa watoto wao utumwani kwa madeni. Mwandishi hakuyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa bahati.

Jimbo letu limewahi kuipa lugha ya Kiswahili neno, na si neno la kujivunia. Aprili 2008 Andrew Chenge, mbunge wetu wa miaka mingi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa zamani, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu baada ya kuandikwa kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani Jersey. Uchunguzi ulihusu ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza, iliyogharimu pauni milioni 28, bei ambayo hata Benki ya Dunia ililalamika kuwa ni kubwa mno. Haki inatutaka tuseme wazi kwamba hakutiwa hatiani kwa habari hiyo. Lakini fedha ile aliiita vijisenti, na neno hilo likabaki. Kampuni yenyewe, katika makubaliano ya mwaka 2010, ilikubali kulipa pauni milioni 29.5, nazo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita chenji ya rada. Mtoto wa darasa la tatu akakalia dawati lililotokana na bei iliyozidi. Mwaka 2014 jina la mbunge huyo likasomwa tena bungeni katika sakata la Escrow, kwa shilingi bilioni 1.6 alizopokea, naye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Katikati ya hayo, mwaka 2010, wapiga kura walimrudisha bungeni. Mwaka 2015 wakamrudisha tena.

Hatuandiki haya ili kumsulubisha mtu. Tunaandika kwa sababu ya neno lile. Ikiwa dola milioni 1 ni vijisenti, shilingi 32 za kilo ya pamba ziitwe nini? Na mpiga kura aliyelisikia neno hilo akacheka, alicheka kwa sababu gani? Tunadhani alicheka kwa sababu aliiona kamba ndefu, akatamani ingekuwa yake. Huo ndio ugonjwa tunaousema tangu mwanzo: hasira yetu juu ya ubadhirifu mara nyingi ni wivu uliovaa nguo za hasira. Anayenung'unika leo kwamba wakubwa wanakula, kesho mwanawe akipata kazi katika idara ya manunuzi, atamshangaa asipojenga nyumba katika miaka miwili. Ukoo mzima utauliza, "Huyu yuko pale anafanya nini?"

Wengine watatuuliza, na ninyi je? Ni swali halali. Katika sakata lile lile la Escrow, majina ya viongozi wa Kanisa letu yalisomwa kati ya waliopokea, na waamini wengi waliumia. Tuna pia jubilei, sherehe na harambee ambazo kadi zake huchapwa kwa gharama ya kutosha kuezeka kigango. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alituma watu kadhaa pamoja waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha nyingi kiasi hicho. Yamo katika sura ya 8 ya Barua ya Pili kwa Wakorintho. Mtume hakukasirika kukaguliwa. Alitaka mambo yawe wazi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia, na padre asiyetaka kufanya vivyo hivyo asipande mimbarini kuisema Serikali.

Wengine watasema tumwombe Mungu kiongozi mkali, mambo yatanyooka. Rais Magufuli alikuwa mkali. Alifuta sherehe, akabana safari za nje, na watu wengi wa mkoa huu walimpenda kwa hilo. Lakini katika utawala huo huo, Aprili 2019, Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alitumia neno udhaifu. Novemba mwaka huo akaondolewa, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Mkali anaweza kufunga bomba moja. Akimfukuza anayehesabu ndoo, hatutajua ni mabomba mangapi mengine yanavuja.

Kinachobaki kiko karibu kuliko Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa. Ngoma za Bagika na Bagalu hukusanya maelfu ya watu uwanjani bila mtu kulipwa posho. Mkutano wa kijiji mara nyingi huahirishwa kwa kukosa akidi, na ukifanyika, taarifa ya fedha husomwa jua linapozama, watu wakiwa wamesimama tayari kuondoka. Nabii Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Waisraeli wote akawataka waseme kama aliwahi kutwaa ng'ombe au punda wa mtu yeyote, na watu wakajibu. Angalieni kwamba watu walikuwapo. Kama wangebaki nyumbani, Samweli angeuliza upepo.

Kwa upande wa parokia, Halmashauri Walei imekubali kwamba taarifa ya mapato na matumizi ya nusu mwaka ibandikwe kwenye mbao za matangazo za parokia na za vigango vyote, ikiwa ni pamoja na gharama zote za sherehe ya Kipaimara, hadi soda ya mwisho. Atakayeona shilingi asiyoielewa aje aulize, hata kama ni ya padre. Na kila Jumuiya Ndogo Ndogo tunaiomba ichague watu wawili watakaohudhuria mkutano ujao wa kijiji au wa mtaa, wakae mpaka mwisho, kisha wanyooshe mkono na kuuliza swali moja tu: ushuru wa pamba ya msimu uliopita ulikuwa shilingi ngapi, na hapa kwetu umefanya nini?